Barua ya wazi kwa maaskofu na maparoko wetu kuhusu ubatizo wa watoto wachanga na maandalizi ya familia zao

Wahashamu Maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Uganda, waheshimiwa mapadri maparoko, na viongozi wa halmashauri za walei katika parokia zetu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nawaandikia mimi katekista wa kigango kimoja cha mpakani, mahali ambapo Misa husomwa kwa lugha ya wenyeji na matangazo hurudiwa kwa Kiswahili ili wachuuzi wa sokoni, askari na familia zao, na ndugu zetu waliokimbia vita kutoka Kongo nao wapate kusikia. Kazi yangu kubwa, ukiacha kuongoza ibada za Dominika ambazo padri hawezi kufika, ni kuwaandaa wazazi wanaoleta watoto wachanga kubatizwa. Naipenda kazi hii kuliko nyingine zote nilizokabidhiwa, na kwa kuwa naipenda naomba niseme wazi kwamba namna tunavyoifanya katika parokia nyingi haiwafikii wale inaowahusu. Tunawaita wazazi wakiwa wamekwisha kuchelewa, tunawafundisha mahali pasipowafaa, na mara nyingi tunayafanya maandalizi yawe lango la kuwazuia watu. Ombi langu ni moja: maandalizi ya ubatizo yaanze mama akiwa bado mjamzito, yafanyike nyumbani na katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na yasitumiwe kamwe kumwadhibu mtoto kwa sababu ya hali ya ndoa au ya mfuko wa wazazi wake.

Niruhusuni nieleze jinsi mambo yanavyokwenda, kwa kuwa pengine taarifa zinazofika katika ofisi za jimbo huonyesha tu idadi ya waliobatizwa. Mwisho wa Misa hutangazwa kwamba wazazi wenye watoto wa kubatizwa waje parokiani Jumamosi fulani pamoja na wasimamizi. Wengine hutembea kwa saa kadhaa, mtoto akiwa mgongoni, kwa maana nauli ya bodaboda kutoka vijiji vya mlimani huweza kuzidi matumizi ya nyumba ya siku nzima. Wakifika hupanga foleni, na nyaraka zao hukaguliwa: cheti cha ndoa, kadi za ubatizo za baba na mama, uthibitisho wa kipaimara cha msimamizi, kadi ya michango, barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Aliyekosa kimojawapo hurudishwa. Waliosalia huketi ukumbini kusikiliza somo moja refu, ambalo mara nyingi hutolewa kwa lugha ambayo wengi wao hawaielewi vizuri, huku watoto wakilia na akina mama wakitoka nje kuwanyonyesha. Akina baba hawapo, kwa sababu Jumamosi ni siku ya soko. Kesho yake watoto hubatizwa, picha hupigwa, na kuanzia hapo hakuna mtu wa parokia anayekanyaga katika nyumba ile mpaka mtoto afikie umri wa Komunyo ya Kwanza.

Katika adhimisho lenyewe padri huwauliza wazazi kama wanaelewa vyema wajibu wanaoupokea wa kumlea mtoto wao katika imani, nao hujibu kwamba wanaelewa. Jibu hilo limebeba mzigo mzito, kwa kuwa mtoto mchanga hubatizwa katika imani ya Kanisa, na Kanisa la kwanza atakaloliona kwa macho yake ni hao wawili waliompakata. Nimesimama mara nyingi kando ya kisima cha ubatizo nikiwatazama wazazi wakijibu swali hilo kwa sura ya mtu anayesubiri kuelekezwa aseme nini. Siwalaumu hata kidogo, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeketi nao kwa utulivu kabla ya siku hiyo na kuwaeleza ni nini hasa wanachoahidi.

Sheria ya Kanisa yenyewe iko upande wa ombi langu. Kanuni ya 867 ya Mkusanyo wa Sheria wa mwaka 1983 inawaagiza wazazi wahakikishe watoto wao wanabatizwa ndani ya majuma ya kwanza, na inawataka wamwendee paroko mapema iwezekanavyo baada ya mtoto kuzaliwa, au hata kabla hajazaliwa, ili waombe sakramenti hiyo na kuandaliwa ipasavyo. Kanuni ya 851 inamtaka paroko, yeye mwenyewe au kwa kuwatumia wengine, awafundishe wazazi na wasimamizi maana ya sakramenti na wajibu unaotokana nayo, kwa mawaidha na kwa sala ya pamoja, akizikusanya familia kadhaa na, inapowezekana, akizitembelea. Kutembelea familia kumeandikwa humo waziwazi. Jambo ambalo wengi wetu tunaliona kuwa ziada ya hiari ya padri mwenye bidii limewekwa na Kanisa ndani ya wajibu wa kawaida wa parokia.

Nitakaa zaidi kwenye suala la ndoa, kwa maana ndilo linalowafukuza watu wengi kuliko mengine yote. Ninyi mnajua kama ninavyojua kwamba wazazi wengi wa Kikatoliki nchini mwetu wanaishi pamoja bila ndoa ya Kanisa. Wengine wamekwisha kufanya sherehe za kimila za ndoa, kwanjula au kuhingira, na wanatambuliwa na koo zote mbili. Wengine bado wanalipa mahari kidogo kidogo, ng'ombe mmoja mwaka huu na mwingine Mungu akijalia. Harusi ya kanisani nayo imezungushiwa gharama ambazo Kanisa halikuziweka, za gauni, pete, magari, karamu, na mikutano ya kuchangisha fedha inayoendelea kwa miezi. Wawili hao wanaahirisha mwaka baada ya mwaka, na katika miaka hiyo wanazaa. Wanapoleta mtoto parokiani huambiwa wafunge ndoa kwanza. Naelewa nia ya mapadri wanaosema hivyo, kwa kuwa wanataka mtoto akue katika nyumba iliyobarikiwa na wanaogopa kwamba wakiachilia neno hilo hakuna atakayefunga ndoa tena. Lakini nimeyaona matunda yake kwa miaka, nayo si ndoa nyingi zaidi. Baba huona aibu na kuacha kuja kanisani, na mama huendelea kuja peke yake mpaka siku atakapochoka. Mtoto hufika shule ya msingi bila ubatizo, au hupelekwa kwa walokole ambako huombewa na kukaribishwa siku ileile, na familia nzima huhamia huko ilikopokelewa.

Kanuni ya 868 inataka mambo mawili ili mtoto abatizwe kihalali: wazazi au angalau mmoja wao akubali, na pawepo matumaini yenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Ni pale tu matumaini hayo yanapokosekana kabisa ndipo ubatizo unapoahirishwa, na hata hapo wazazi wanapaswa kuelezwa sababu. Cheti cha ndoa hakikutajwa. Maagizo yaliyotolewa tarehe 20 Oktoba 1980 na Idara ya Mafundisho ya Imani kule Roma yalifafanua kwamba dhamana yoyote inayotoa tumaini la kweli la malezi ya Kikristo inatosha. Dhamana hiyo tunayo tele vijijini mwetu kama tutakubali kuitazama. Kuna bibi anayesali rozari kila jioni na ndiye atakayemlea mtoto mama akiwa sokoni. Kuna shangazi aliye katika chama cha kitume cha Legio ya Maria, kuna msimamizi anayeishi nyumba ya tatu kutoka hapo, na kuna jumuiya inayokutana kila juma na kuzijua familia zote kwa majina. Mwezi Januari 2014, katika Kikanisa cha Sistina, Papa Fransisko alimbatiza mtoto ambaye wazazi wake walikuwa wamefunga ndoa ya kiserikali tu. Sioni kwa nini kilichowezekana pale kisiwezekane chini ya paa la mabati la kigango chetu.

Maandalizi yakianza mapema na yakifanyika nyumbani, suala la ndoa hupata nafasi yake ya haki. Katekista anayefika kwa wazazi mama akiwa na mimba ya miezi mitano anaweza kuzungumza nao kuhusu ndoa kwa upole, kwa ziara kadhaa, bila mtoto kushikwa kuwa rehani. Anaweza kuwaambia kwamba ndoa huweza kufungwa katika Misa ya kawaida ya Dominika, kwa nguo safi walizo nazo na mashahidi wawili, na kwamba karamu inaweza kusubiri. Wapo wazazi waliobatiziwa mtoto wao kwa moyo mweupe na baadaye wakaomba wenyewe kufunga ndoa, kwa sababu walionja wema wa Kanisa kwanza.

Kuhusu mabinti wanaolea peke yao, naomba mnisikilize kwa moyo wa kichungaji. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba robo ya wasichana wa Uganda wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito wa mimba ya kwanza. Hao ni mabinti wa parokia zetu. Baadhi walikuwa katika kwaya na katika vikundi vya watoto wa Utoto Mtakatifu. Binti wa namna hii anayeamua kuleta mtoto wake kanisani ameonyesha imani na ujasiri, naye hastahili kuulizwa mbele ya foleni nzima baba wa mtoto ni nani. Kanuni ya 877 inaeleza jinsi ya kuandika katika daftari la ubatizo wazazi wasiooana: jina la mama huandikwa ikiwa umama wake unajulikana hadharani au mwenyewe akiomba, na jina la baba huandikwa tu pale ubaba unapothibitishwa kwa hati ya serikali au kwa kauli yake mwenyewe mbele ya paroko na mashahidi wawili. Mambo hayo huzungumzwa faraghani, na mlango ukiwa umefungwa, na mtu anayejua kutunza siri.

Kuhusu fedha nitasema machache tu, maana sheria ni fupi. Kanuni ya 848 inakataza kudai kitu zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka halali, na inaagiza kwamba maskini wasikose sakramenti kwa ajili ya umaskini wao. Kadi ya michango isiyojazwa isiwe sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani. Mzazi akumbushwe wajibu wake wa kulitegemeza Kanisa, lakini akumbushwe siku nyingine. Vilevile ningependa sauti ya paroko isikike ikisema altareni kwamba ubatizo hauhitaji karamu, kwa maana nazijua familia zinazoahirisha kwa mwaka na zaidi zikingoja pesa za mchele, nyama na soda.

Tatizo la wasimamizi ni kubwa kuliko linavyoonekana. Wazazi wengi humtafuta mtu mwenye uwezo, mfanyabiashara au mtumishi wa serikali aishiye Kampala, wakitumaini kwamba siku moja atasaidia karo ya shule. Mtu huyo hufika asubuhi ya ubatizo, hushika mshumaa, huacha bahasha na kuondoka, na mtoto humwona tena labda siku ya mazishi ya mtu wa ukoo. Kanuni ya 874 inataka msimamizi awe amefikisha miaka 16, awe Mkatoliki aliyepokea kipaimara na Ekaristi, na aishi maisha yanayolingana na imani na jukumu analolipokea. Kanuni ya 873 inasema msimamizi mmoja anatosha, mwanamume au mwanamke. Wazazi wengi hawajui hilo, na nimeona mtoto akikosa ubatizo kwa sababu mmoja kati ya wasimamizi wawili alikwama njiani. Katika familia ambamo mmoja ni Mwanglikana, na nchini mwetu familia hizo ni nyingi, ndugu Mwanglikana anaweza kusimama kuwa shahidi pamoja na msimamizi Mkatoliki, na jambo hilo linaponya ugomvi wa koo ambao ungeweza kudumu miaka. Haya yote yangejulikana mapema kama kuna mtu ameyasema nyumbani, wakati wazazi bado wanafikiria wamchague nani.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniumiza kuliko yote. Utafiti uleule wa 2016 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1000 wanaozaliwa hai nchini mwetu, 27 walikuwa wakifariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Parokia inayobatiza mara moja kila baada ya miezi mitatu, na kumrudisha mzazi kwa kukosa karatasi, inawaacha watoto wachanga katika kipindi kilekile ambacho maisha yao yako hatarini zaidi. Sheria inasema mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kuchelewa, na kwamba katika hali ya lazima mtu yeyote mwenye nia sahihi anaweza kubatiza. Tena kanuni ya 861 inawaagiza wachungaji, na hasa maparoko, wawafundishe waamini namna sahihi ya kufanya hivyo. Nimeuliza akina mama wengi kama wamewahi kufundishwa, na wengi wameniambia hapana. Wakunga wa vituo vya afya, akina mama wazee wanaozalisha nyumbani, baba anayemkimbiza mkewe kwa bodaboda usiku, wote hao wanapaswa kujua kwamba panahitajika maji ya kawaida tu yamiminwe juu ya kichwa cha mtoto, na kusema, pamoja na jina lake, “ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu”, na kisha parokia ipewe taarifa ili iandikwe daftarini. Mtoto akipona, hapokei ubatizo mara ya pili. Huletwa kanisani kupokelewa na jumuiya na kukamilishiwa ibada zilizobaki.

Jambo hili halipaswi kuwa geni kwa Kanisa la Uganda. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, pale Munyonyo, Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi wa Uganda, mlei ambaye mwenyewe alikuwa amebatizwa Novemba iliyotangulia, aliwabatiza wakatekumeni, yaani waliokuwa wakijiandaa kwa ubatizo, waliokuwa pamoja naye kwa kuwa alijua kesho yao haina hakika. Kizito, aliyekuwa kijana wa miaka kama 14, alikuwa mmoja wao. Kila mwaka tarehe 3 Juni maelfu kwa maelfu hutembea kwenda Namugongo, mahali walipouawa kwa ajili ya imani, kuwaheshimu, na bado wengi wanaotembea hawajui kwamba alichokifanya Lwanga usiku ule nao wanaweza kukifanya katika chumba cha kujifungulia.

Na pale mtoto anapofariki bila kubatizwa, naomba mtufundishe sisi makatekista la kusema. Nimesikia wazazi wakiambiwa kwamba mtoto wao hawezi kuzikwa kwa sala ya Kanisa, na nimemwona mama akizika mtoto wake kimyakimya nyuma ya nyumba kana kwamba ametenda kosa. Kanisa linafundisha kwamba watoto hao tunawakabidhi kwa huruma ya Mungu anayetaka watu wote waokoke. Kanuni ya 1183 inampa askofu wa mahali uwezo wa kuruhusu mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia abatizwe lakini akafa kabla. Wahashamu, nawasihi mtoe ruhusa hiyo kwa maandishi, kwa jimbo zima, ili katekista aliye mbali na parokia asilazimike kuomba kibali huku mwili mdogo ukingoja.

Neno pia kwa ajili ya wageni wetu. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, na katika miji ya mpakani kama Mpondwe, wapo Wakatoliki wengi kutoka Kongo na Burundi ambao walisali kwa Kiswahili au Kirundi tangu utoto wao. Walikimbia usiku, wakabeba watoto na sufuria, na hawakubeba kadi za ubatizo. Wanapotakiwa kuleta kadi zao ili watoto wao wabatizwe, wanatakiwa kuleta kitu kilichoungua pamoja na nyumba. Kanuni ya 876 inasema kwamba, pasipokuwa na pingamizi, ushuhuda wa mtu mmoja asiyetiliwa shaka unatosha kuthibitisha ubatizo. Mtu huyo mara nyingi yupo, jirani wa zamani wa kijiji kilekile, naye amekaa benchi lilelile. Tena waandaliwe kwa lugha wanayoitumia kusali. Kuahidi mbele ya Mungu kwa lugha unayoibahatisha ni jambo gumu hata kwa mtu msomi.

Mtaniuliza maandalizi hayo ya nyumbani yatakuwa na nini ndani yake. Nawaeleza yale tunayojaribu sisi katika jumuiya chache, kwa idhini ya padri wetu. Kiongozi wa jumuiya anapojua kwamba mama fulani ni mjamzito, hatumwachi mpaka ajifungue. Tunakwenda jioni, baada ya kazi za shamba na soko, wakati baba naye yupo. Tunamwombea mama na aliye tumboni, kisha tunazungumza kuhusu jina, kwa maana hilo ndilo swali la kwanza ambalo padri atauliza mlangoni mwa kanisa, na ni swali ambalo kila ukoo una la kusema juu yake. Ziara nyingine tunazungumza kuhusu msimamizi. Mtoto akishazaliwa na mama akiwa amepata nguvu, tunarudi na kuipitia ibada yenyewe kidogo kidogo. Wazazi wanajifunza kumwandika mtoto ishara ya msalaba katika paji la uso, na tunawaomba wasingoje siku ya ubatizo, waifanye kila usiku wanapomlaza. Wanaelezwa kwa nini anapakwa mafuta ya wakatekumeni kifuani na Krisma takatifu kichwani, kwa nini anavikwa vazi jeupe, na kwa nini mshumaa wake huwashwa kutoka mshumaa wa Pasaka.

Sehemu inayochukua muda mrefu ni ile ya kumkataa Shetani na mambo yake. Katika ukumbi wa parokia swali hilo hujibiwa kwa sauti moja na kupita. Nyumbani mambo ni tofauti, kwa sababu hirizi iko kiunoni mwa mtoto na kila mtu anaiona. Imefungwa na bibi, kwa hofu ya kijicho, na bibi huyo anampenda mjukuu wake kwa dhati. Hapo hatukemei. Tunauliza hofu hiyo inatoka wapi, nani alikufa, nani alilaumiwa, na mazungumzo hayo huweza kuchukua jioni nzima na kumaliza kwa machozi. Nimewaona wazee wakiifungua hirizi kwa mikono yao wenyewe wakiwa wamekwisha kuelewa kwamba mtoto anakwenda kukabidhiwa kwa Kristo. Nimeona pia waliokataa, tukaendelea kuwatembelea. Hakuna hotuba ya Jumamosi inayoweza kufika huko.

Baada ya ubatizo tunarudi tena. Tunawaomba wazazi wauweke mshumaa mahali pazuri na kuuwasha kila mwaka siku ileile, wakisali pamoja na mtoto, na msimamizi aalikwe. Ni jambo dogo, lakini linamfanya mtoto wa miaka mitatu aulize kwa nini, na hapo katekesi inakuwa imeanza nyumbani bila mwalimu.

Nasikia hoja kwamba walei hawana elimu ya kutosha kwa kazi hii. Kanisa letu lilizaliwa mikononi mwa walei wa namna hii. Mapadri wa kwanza walifika mwaka 1879, na mwishoni mwa 1882 walilazimika kuondoka Buganda mpaka katikati ya 1885. Katika muda huo wote watu kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba, ambao wenyewe walibatizwa mwaka 1882, waliwafundisha wengine majumbani mwao, na wamisionari waliporudi wakakuta kundi limeongezeka. Kule kaskazini, Wenyeheri Daudi Okelo na Jildo Irwa walikuwa vijana wadogo walipotumwa Paimol kufundisha, wakauawa huko mwaka 1918. Na maaskofu wa Afrika Mashariki wenyewe, katika mkutano wao wa AMECEA mwaka 1976, ndio walioamua kwamba Kanisa letu lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Jumuiya hizo zipo. Tumezipa kazi ya kukusanya michango na kuandaa mazishi, na zinaifanya vizuri. Zipeni na kazi ya kupokea watoto.

Kwa hiyo naomba mambo haya yawekwe katika mipango ya majimbo na parokia kabla ya Majilio yajayo. Maaskofu watoe mwongozo mmoja unaoeleza wazi kwamba ukosefu wa ndoa ya Kanisa, wa kadi ya michango au wa nyaraka zilizopotea hautoshi kumnyima mtoto ubatizo, na kwamba uamuzi wowote wa kuahirisha ufanywe na paroko mwenyewe baada ya kuzungumza na familia, wala usifanywe na karani aliye mezani. Kila parokia ibatize watoto wachanga angalau mara moja kwa mwezi, na kwenye vigango vya mbali padri abatize anapofika kwa Misa. Ubatizo wa dharura ufundishwe kila mwaka katika vigango vyote na katika vituo vya afya vya Kanisa. Vitabu vidogo vya maandalizi vichapwe kwa lugha za wenyeji na kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa na picha, maana katika nyumba nyingi anayesoma ni mtoto wa shule.

Na mwisho, makatekista. Wengi wetu hatuna posho ya uhakika, na baiskeli tulizopewa zamani zimechakaa. Ziara za nyumbani zinahitaji muda, viatu na wakati mwingine nauli. Naomba halmashauri za walei zitenge sehemu ya sadaka ya siku za ubatizo kwa kazi hii, na kila paroko atenge siku moja kwa mwezi aende pamoja na katekista wake katika nyumba mbili au tatu zinazotarajia mtoto. Katika kigango chetu sasa hivi zipo nyumba kadhaa za namna hiyo, na wanajumuiya wako tayari kumpeleka padri siku yoyote atakayopanga.

Nabaki wenu katika Kristo,

Katekista wa kigango cha mpakani, Uganda